Niliacha kwenda kwa mshauri, sasa usingizi umekatika tena: nirudi au nisubiri?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nina miaka 38. Mama yangu alifariki Juni mwaka juzi. Aprili mwaka jana nilianza kwenda kwa mshauri, na Mei daktari akasema nina sonona, akaniandikia fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Kwa mshauri nilihudhuria vikao tisa. Kufikia Agosti nilikuwa mtu tena. Septemba pilikapilika za kidato cha nne zilipoanza nikaacha kwenda, bila hata kumuaga. Dawa ziliisha Januari, sikufuata nyingine. Sasa ni mwisho wa Mei, na kwa wiki kama tatu naamka saa tisa usiku, nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Kwaya nimeacha. Madaftari ya wanafunzi yamerundikana mezani. Mume wangu anasema ni baridi na uchovu, nikifika likizo ya Juni nitapona. Nirudi kwa mshauri au nisubiri? Na nitarudije kwa mtu niliyemkimbia?

JIBU: Pole, Mwalimu. Usingoje likizo. Wasiliana na mshauri wako wiki hii, umwombe kikao kimoja cha kupima hali. Kimoja tu: kama tiba iendelee au isiendelee, mtaamua humo ndani mkiwa wawili, badala ya wewe kuligeuza jambo hilo peke yako saa tisa usiku. Naeleza kwa nini, kwa sababu wapo wasomaji walioacha tiba kama wewe ambao jibu lao si hili.

Karibu nusu ya watu waliowahi kuugua sonona mara moja huugua tena, na ikirudi mara nyingi huanza na dalili zile zile zilizotangulia mwanzo. Aliyeanza kwa kukatika usingizi huanza hapo tena. Aliyeanza kwa hasira na kufokea watoto, familia yake ndiyo huona mapema kuliko yeye. Kwa hiyo chukua karatasi na uandike mambo manne au matano yaliyotokea mwaka jana kabla hujafika kwa daktari. Usiandike yale yaliyokuwa mabaya kuliko yote, andika yale ya kwanza kabisa. Kwa walimu mara nyingi orodha hiyo huwa na madaftari yasiyosahihishwa, kuchelewa kipindi cha kwanza, ujumbe wa kikundi cha VICOBA kukaa siku mbili bila kujibiwa, nywele kukaa bila kusukwa, kukwepa chai ya ofisini. Sasa weka alama kwenye yale yaliyopo leo. Yakiwa mawili au zaidi, na yamedumu wiki mbili, hiyo inatosha kuomba kikao. Wewe umetaja matatu, na wiki ni tatu.

Hilo la saa tisa usiku lina uzito wake. Mwenye wasiwasi kwa kawaida hukawia kusinzia. Hujigeuza kitandani mpaka saa saba. Mwenye sonona anaweza kulala vizuri saa nne, kisha akaamka mapema kwa saa mbili au tatu kuliko kawaida yake, na asubuhi kwake huwa nzito kuliko jioni. Kama saa kumi na mbili asubuhi unajiona huwezi hata kuvaa viatu, lakini ikifika magharibi unachangamka kidogo, mweleze mshauri na daktari hivyo hivyo ulivyo. Wengi husema tu "silali vizuri", na taarifa ya maana inapotea.

Ukitaka namba, tumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9. Lipo kwa Kiswahili na hutumika kliniki. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, kupooza au kutotulia, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 mpaka 3: hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ni kati ya 0 na 27. Chini ya 5 hakuna cha kukimbilia. Kati ya 5 na 9 ni hali nyepesi. Jaza tena baada ya wiki mbili, na kama haijashuka, omba kikao. Kuanzia 10 usisubiri kujaza mara ya pili. Kuanzia 15 mwone na daktari, mshauri peke yake hatoshi. Na kama mshauri alikujazisha mwaka jana na unaikumbuka alama uliyoachia, kupanda kwa 5 au zaidi ni badiliko la kweli hata kama jumla bado inaonekana ndogo. Swali la tisa lina kanuni yake: jibu lolote lisilo 0 linahitaji mtu wa kuongea naye leo, jumla iwe ngapi.

Kosa la kawaida hapa ni kulijaza kila siku. Dodoso linapima wiki mbili. Ukilijaza Jumatatu na Jumanne utakuwa unapima ugomvi wa Jumatatu. Kosa jingine ni kulijaza usiku huo huo uliokatika usingizi, wakati kila kitu kinaonekana cheusi. Jaza Jumapili mchana, baada ya chakula.

Sasa tuje kwenye hoja za mume wako, kwa sababu si za kupuuzwa. Juni na Julai Moshi na Arusha mawingu hukaa, mlima hauonekani, watu hujifungia ndani mapema. Lakini ile sonona ya majira inayosemwa katika nchi za kaskazini hufuata ufupi wa mchana, na Moshi iko zaidi kidogo tu ya digrii 3 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa kwa mwaka mzima. Baridi inaweza kukupunguzia matembezi na jua, na hilo linachangia. Haielezi kuamka saa tisa kwa wiki tatu, hasa ikiwa ulianza mwanzoni mwa Mei kabla baridi yenyewe haijakolea.

Uchovu nao unapimika. Aliyechoka kwa kazi akipata wikiendi mbili za kupumzika kweli, bila kusahihisha, hurudiwa na hamu ya vitu vilivyo nje ya kazi: kupika alichopenda, kwenda kumtembelea dada yake, kucheka. Kazi ndiyo inamchosha, mengine bado anayataka. Wewe umeacha kwaya, na kwaya si kazi. Ndiyo maana sikubaliani na kungoja likizo. Kama ni uchovu, kikao kimoja hakitakudhuru. Kama ni sonona, utaingia likizo ukiwa umepoteza wiki nyingine kadhaa, huna tena ratiba ya shule inayokuamsha na kukutoa nyumbani, na hapo wengi ndipo huporomoka.

Kuna jambo hukulitaja kama sababu, ingawa lipo ndani ya barua yako: Juni ni mwezi aliofariki mama. Miaka miwili inatimia. Huzuni ya kumbukumbu huweza kuanza wiki kadhaa kabla ya tarehe yenyewe, hata kabla mtu hajaangalia kalenda. Kama mwaka huu ndugu wanakutana kwa ibada ya kumbukumbu au kujengea kaburi, na kuna mazungumzo ya michango na nani atabaki na kihamba, yaani shamba la ukoo, uzito huongezeka. Huzuni ya namna hiyo huja kwa vipindi. Unalia ukikuta khanga yake, kisha baada ya saa moja unaweza kucheka na watoto ukimkumbuka alivyokuwa akitania. Baada ya tarehe kupita mara nyingi inatulia yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Sonona mara nyingi haiachi nafasi ya kucheka hivyo, na mawazo yake hayaishii kwa marehemu. Yanakugeukia wewe, kwamba hufai, kwamba ulimwangusha. Mtu mwenye huzuni ya kumbukumbu pekee, anayelala, anayekula na kufanya kazi zake, hana ulazima wa kurudi kwenye tiba. Wewe unaweza kuwa na vyote viwili. Hilo ni la kuchambuliwa na mshauri, maana alikusikia ukizungumza habari za mama vikao tisa na anaweza kulinganisha.

Nitahadharishe kitu kimoja kabla hujazunguka maabara. Sonona kwetu hupenda kuvaa mwili: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa gesi. Mtu anapimwa, anaambiwa ana taifodi kwa kipimo cha Widal ambacho katika maeneo yenye taifodi nyingi hakiaminiki sana, anameza antibayotiki wiki mbili, usingizi haurudi. Ukienda kupima, pima vinavyohusiana na uchovu na hali ya moyo: wingi wa damu (hasa kama hedhi yako ni nzito), homoni za tezi ya shingo, sukari. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri vinaweza kuiga sonona. Fanya hivyo sambamba na kikao, usikifanye kikao kingoje majibu.

Kuhusu dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ni kuendelea na dawa ya sonona miezi 9 mpaka 12 baada ya dalili kuisha, kisha kupunguza taratibu kwa muda usiopungua wiki nne. Wewe nafuu ilikuja Agosti na vidonge vikaisha Januari, miezi mitano. Uliacha mapema, na kwa dawa hii kuporomoka hakuonekani mara moja. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wengi hawasikii chochote wanapoiacha na huamini hawakuihitaji. Unayoyaona sasa, miezi minne baadaye, si mwili kudai dawa. Yanafanana zaidi na ugonjwa wenyewe kurudi. Ila usikimbilie duka la dawa kununua pakiti na kujianzishia. Daktari anahitaji kuuliza upya: kama kuna ujauzito, dawa nyingine unazotumia, na kama umewahi kupitia siku nne au zaidi za kulala kidogo sana huku ukiwa na nguvu nyingi, maneno mengi na matumizi ya pesa yasiyo ya kawaida. Aliyewahi kuwa hivyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumvuruga. Pia ujue haifanyi kazi kesho: ni wiki mbili mpaka nne kabla ya kuona tofauti, wakati mwingine sita. Mtu anayeianza akitegemea usingizi wa usiku huo huo huitupa siku ya tano.

Sasa aibu. Wateja wanaotoweka bila kuaga ni jambo la kila siku katika kazi hii, na mshauri aliyesoma hana kinyongo nalo. Huhitaji kujieleza kwa simu. Tuma ujumbe mfupi kama huu: "Habari za kazi. Mimi ni mwalimu uliyekuwa ukinihudumia mwaka jana mpaka Septemba. Naomba nafasi moja ya kuangalia maendeleo. Siku za kazi baada ya saa kumi, au Jumamosi asubuhi, zinanifaa." Usitaje dalili wala dawa kwenye ujumbe, simu hupita mikononi mwa watu. Asipojibu kwa siku tatu, piga. Akiwa amehama au hana nafasi ndani ya wiki mbili, mwombe akuelekeze kwa mwenzake na akuruhusu kupata muhtasari wa mlichofanya. Muhtasari huo una haki ya kuuomba, na utakuokoa kueleza kifo cha mama upya kutoka sifuri, jambo linalowachosha wanaorudi kuliko kingine chochote.

Siku ya kikao, dakika 45 mpaka 60 huenda haraka. Beba ile karatasi ya dalili za mwanzo, alama za dodoso pamoja na tarehe, na pakiti tupu ya dawa kama bado unayo. Kisha sema mapema, dakika kumi za kwanza, kwa nini uliacha. Hapa ndipo wengi huharibu: wanarudi wakiwa wapole, wanaomba radhi, wanaificha sababu, na baada ya vikao viwili sababu ile ile inawatoa tena. Kama ni muda, hamisheni siku. Kama ni nauli na ada ya kikao, taja kiwango unachoweza kwa mwezi na muulize mnaweza kufanya nini ndani yake. Kama uliona mnarudia maneno yale yale bila kusogea, sema hivyo. Na kama kuna kitu alikisema kikakuumiza, hicho hasa ndicho cha kuanza nacho. Mshauri akijitetea kwa hasira au akikulaumu kwa kuacha, umepata jibu lako kuhusu yeye. Tafuta mwingine bila kujilaumu.

Kabla hujatoka, mkubaliane mambo ya kuandikwa: mnalenga nini, vikao vingapi, na mtajuaje vimetosha. Kwa mtu aliyekwisha kufanya vikao tisa na akapata nafuu, kwa kawaida sioni sababu ya kuanza mzunguko mzima wa vikao 12 mpaka 20. Vinne kila wiki, kisha viwili kwa kupishanisha wiki mbili mbili, halafu mpime. Alama zikishuka nusu, mnaenda mwezi kwa mwezi. Ulichokosa Septemba ni huko kushuka kwa ngazi: ulitoka kwenye vikao vya kawaida ukaingia kwenye sifuri, tena ukielekea Desemba, mwezi ambao Wachaga wengi wanapanda nyumbani na kiti cha mama kinaonekana kiko wazi. Mwakani wekeni kikao kimoja Mei na kimoja mwanzoni mwa Desemba hata kama u mzima kabisa. Kikao cha namna hiyo ukiwa mzima ni rahisi. Mnapitia karatasi ya dalili na kuagana.

Moshi ni mji mdogo. Kama hofu yako ni kwamba mshauri anasali kanisa lenu au mwanawe yuko darasani kwako, hilo lina ufumbuzi ndani ya ofisi yake: muulize mtasalimianaje mkikutana nje, na kumbukumbu zako anaziweka wapi. Wapo wanaoamua kwenda Arusha ili wasionekane. Ni kilomita kama 80, na ukiongeza kusubiri gari na foleni unatumia nusu siku kwa kikao cha saa moja. Mpango huo kwa mwalimu huwa haufiki kikao cha nne. Afadhali mshauri wa mbali kwa simu, ukiwa umepata chumba chenye mlango unaofungika na umeweka bando la kutosha, kuliko safari utakayoiacha. Ukikosa uwezo wa kulipa binafsi, hospitali za Mawenzi na KCMC kwa Moshi, na ya Mount Meru kwa Arusha, ndiko pa kuulizia huduma za afya ya akili. Ukienda kwa bima, uliza kwanza kama unahitaji barua ya rufaa ili usirudishwe dirishani.

Mchungaji au padre akikuombea, pokea, na endelea na mshauri, hazigongani. Ila kama unachokosa ni suluhu ya mgogoro wa kihamba, tiba ya mazungumzo itakusaidia kuubeba tu. Mgogoro wenyewe unahitaji kikao cha ukoo au baraza la ardhi la kata, na usimtegemee mshauri akufanyie kazi hiyo.

Usingoje kikao cha kupangwa ikiwa yanakuja mawazo kwamba ni bora usiwepo, ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ikiwa siku mbili zimepita huli wala hunywi. Nenda idara ya dharura ya hospitali, saa yoyote, na mtu mmoja wa kukushika mkono. Kumweleza daktari mawazo hayo si kosa. Nyumbani, mwombe mume wako ahifadhi kwa jirani au kwa kufuli dawa za kunyunyizia kahawa na mboga, pamoja na vidonge vyote vilivyopo. Afanye hivyo hata kama unasema hali si mbaya kiasi hicho.

Kwa mkuu wa shule, inatosha kusema una kliniki siku fulani kuanzia saa tisa alasiri na umepanga nani ashike kipindi chako cha mwisho. Jina la ugonjwa si sehemu ya ombi la ruhusa. Akidai karatasi, mwombe daktari karatasi ya mahudhurio yenye tarehe na saa tu. Na yale madaftari, chagua darasa moja, sahihisha kumi kwa siku, mengine yaache mezani mpaka baada ya kikao.